Nguzo Niliyosimika Shambani kwa Willis

Aliyenisoma wiki jana aniwie radhi nikirudi nyuma hatua chache. Wapo wanaofungua ukurasa huu leo kwa mara ya kwanza, na aibu yangu ni bora ieleweke tangu mwanzo.

Naitwa Nicanor. Niliwahi kuvaa jezi ya timu ya taifa ya raga. Nilicheza katikati ya safu ya mbele, pale kwenye skramu, msukumano wa timu mbili, ambapo kichwa huingia kwanza na mwili hufuata. Nilicheza Windhoek, nikacheza Dubai, na kila niliporudi kwetu Rodi Kopany nilibebwa mabegani kutoka stendi hadi nyumbani. Kichwa changu kiligongwa kila Jumamosi na sikuona shida. Nyakati hizo mchezaji aliyeinuka akiyumbayumba alipigiwa makofi.

Siku hizi nafunza raga katika shule moja ya upili mjini Migori. Wiki jana niliwaeleza nilivyotoka sokoni na mfuko wa mboga, nikasimama kando ya barabara nisijue nyumba yangu iko upande gani, hadi mtu wa bodaboda akanifikisha mlangoni akidhani namtania. Niliwaeleza pia alichosema daktari wa Kisumu. Alisema nimegongwa mno, kwamba kusahau huku hakutapona, na kwamba niwaambie watu wangu ili wanisaidie.

Sikumwambia mtu. Badala yake nilijitengenezea ujanja. Mtu akinikumbusha jambo nisilolijua, mimi humtazama kwa upole na kumuuliza, "Wewe unaonaje?" Hapo hunisimulia yote mwenyewe, na mimi huitikia. Mjini Migori ninasifiwa kuwa mtu mnyenyekevu anayesikiliza maoni ya wengine.

Niliishia hapo. Sasa nawaeleza jinsi ujanja huo ulivyonifikisha kwenye shamba la ndugu yangu.

Kwetu Wajaluo, mwana wa kwanza akishaoa na kuzaa hutoka katika boma la baba yake akaanzisha lake. Hiyo ndiyo goyo dala, kupiga dala. Baba hutangulia kuonyesha mahali. Mwana humfuata na shoka, mke hubeba moto, na mtoto wao wa kwanza wa kiume hubeba jogoo. Nyumba huanza na kwisha siku hiyo hiyo. Na mpaka kaka mkubwa apige dala, wadogo zake wote wanangoja, wawe na pesa wasiwe nazo.

Mimi ndiye mwana wa kwanza, na nilichelewa kupita kiasi. Kwanza nilikuwa nasafiri na timu, kisha nikawa wa kupanga nyumba Migori. Ndugu yangu Willis amengoja hadi ndevu zimeota mvi. Baba yetu, Mzee, ana mtoto wa jicho macho yote mawili, na moyo wake umechoka. Mwezi uliopita alinipigia simu mwenyewe.

"Njoo nikutoe," aliniambia. "Nikifa kabla sijakutoa, utatafutiwa baba mdogo wa kushika nafasi yangu, na mimi huko niliko sitalala."

Nikaenda. Nilitaka jambo hilo kuliko nilivyowahi kutaka jezi. Nilijua kichwa kinanikimbia, na nilitaka kiniache nikiwa na boma langu, lililopigwa na mkono wa baba yangu akiwa hai.

Alfajiri ile tulikuwa wanne kwenye uwanja wa Mzee. Mke wangu Truphena, binti wa Ntimaru, Mkuria, alikuwa na makaa kwenye kigae cha chungu. Mwanangu Chrispine alikuwa amesimama kando yake, kijana mwenye shingo nene, ambaye anacheza nafasi ile ile niliyocheza mimi. Alikuwa ameitwa kambi ya timu ya taifa ya vijana, aondoke Jumatatu. Rodi yote ilikuwa inamzungumzia yeye tu.

"Buda," akaniuliza, "jogoo ako wapi?"

Jogoo alikuwa kwapani mwake, amefungwa miguu.

"Umembeba, bwana," nikamwambia.

Akainamisha macho. Jogoo naye akamtazama. Truphena alicheka mpaka makaa yakataka kumwagika, mimi nikashika mbavu, na Mzee ambaye haoni chochote alipoelezwa alicheka kutushinda. Chrispine akacheka pia. Nilifurahi siku yetu ianze hivyo.

"Sasa sikilizeni," Mzee akasema. "Tukitoka hapa hakuna kuongea mpaka nguzo isimame. Hakuna. Nicanor, nishike mkono. Mimi natangulia, lakini macho ni yako."

Nilimshika mkono nikamwongoza. Njia niliijua vizuri. Siku niliyoleta jezi yangu ya kwanza, Mzee alinipeleka upande wa chini, karibu na mto, akaniambia, "Hapa ni pako." Siku hiyo naikumbuka hadi harufu ya matope yake. Mbao na mabati nilikuwa nimeagiza yashushwe huko huko jana yake.

Tulipofika njia panda, Truphena alisimama kidogo. Niligeuka nikamwekea kidole mdomoni, naye akafuata. Tukapita mashimo ambayo nilidhani ni ya kuchimba udongo wa matofali. Tukafika. Mzee akapapasa ardhi kwa fimbo, akanishika mkono uliokuwa na shoka, tukachimba pamoja, nguzo ikasimama. Jogoo akawika.

Mzee alilia. Mimi pia nililia, na sioni haya kusema.

"Sasa nikifa nimekufa," alisema.

Jua lilipopanda vijana wa Rodi walikuwa wameshamaliza kuta na wanapigilia mabati. Moto wa Truphena ulikuwa unawaka ndani. Mzee alikuwa ameketi kwenye kiti chake, akiuliza kila mara limefika bati la ngapi. Waya Filister alikuwa amefika pia. Waya ni shangazi, dada ya baba. Huyu wetu ana ugoro puani na chike zote, yaani miiko ya Wajaluo, kichwani, na hamwonei mtu aibu.

Hapo ndipo Willis alipotokea kwa pikipiki kutoka Muhuru Bay, amefunga magunia ya dagaa wa omena nyuma. Alizima injini. Hakushuka.

"Omera," akaniita, yaani ndugu, "hii ni nini?"

"Ni dala. Karibu, ndugu yangu."

"Naona ni dala. Nauliza inafanya nini kwangu."

Nilicheka. "Kwako wapi? Hapa Mzee alinionyesha mimi, wewe ukiwa bado unavaa kaptura."

"Alikuonyesha, ndio." Willis alishuka sasa. "Halafu mwezi wa nane tukakaa hapa sisi wote. Tukabadilishana. Mimi nichukue mto sababu ya samaki yangu, wewe uchukue juu huko kwa barabara ufungue duka. Ulisema ni sawa. Hiyo mashimo umepita ni fish ponds zangu, sijaweka tu maji."

Nilitafuta mwezi wa nane kichwani mwangu. Misimbo ya kurusha mpira tuliyotumia Windhoek ilikuwepo yote, kila namba na kila ishara ya mkono. Mwezi wa nane haukuwepo. Nikamtazama Willis kwa upole.

"Wewe unaonaje?" nikamuuliza.

"Mimi naonaje nini? Nicanor, makonge ya mpaka ulipanda wewe, kwa mkono yako. Ulidungwa hapa." Akanishika dole gumba akaligeuza juani. "Ukatukana kwa Kizungu, Mzee akakukemea."

Kwenye dole gumba kulikuwa na alama nyeusi ya mwiba. Kidole kilikuwa kinakumbuka. Mwenye kidole hakukumbuka kitu.

Vijana waliokuwa juu ya paa waliacha kugonga misumari. Mzee aliacha kuuliza kuhusu mabati.

"Willis," akasema polepole, "unaniambia tuko upande wa mto?"

"Tuko upande wa mto, Baba."

Mkono wake ulianza kutafuta fimbo. Ilikuwa mapajani mwake na hakuipata.

"Watu waliona mbao zinashushwa huku," Waya Filister akasema. "Hata mimi nilisikia. Tulidhani mmebadilishana tena. Nani ataenda kumuuliza mtu wa timu ya taifa kama anajua shamba lake?"

"Basi tuhamishe," nikasema. "Leo leo. Tutabeba mabati hadi juu."

Waya alinitazama mpaka nikanyamaza.

"Hiki si kitanda, Nicanor. Nguzo imesimama, jogoo amewika, moto wa mke umewaka. Sasa kuna mambo mawili tu. Kama ulijua hapa ni pa Willis ukapiga, wewe ni mwizi wa ardhi ya ndugu yako. Lakini dala ni dala. Mtakaa mkiangaliana hivyo mpaka mzikwe." Alivuta ugoro. "Kama hukujua, kama ulipanda makonge kwa mkono wako halafu ukapotea katikati yake, basi kichwa chako si kizima. Mtu wa hivyo hapigi dala. Hii itang'olewa kabla jua halijazama, urudi kwenye simba yako, kile kibanda cha ujana, kwa Mzee kama kijana asiyeoa. Na Mzee hatakutoa tena. Baba humtoa mwana mara moja. Akirudia, anaita chira, laana ya kuvunja miiko, kwenye hii familia."

Willis alikuwa anauma mdomo. Yeye pia alijua nyumba iking'olewa atarudi kumngoja kaka ambaye hatapiga dala kamwe.

"Niambie mimi," Mzee akasema. Uso wake ulikuwa umeelekea pasipo mtu, kidogo kushoto kwangu. "Ulijua au hukujua?"

Mdomo wangu ukafunguka wenyewe kwa mazoea. "Baba, wewe unaona..."

"Baba Chrispine," Truphena akaita kutoka ndani. "Kuja kidogo. Moto inazima."

Niliingia. Moto ulikuwa unawaka vizuri kabisa.

"Ulikuwa unataka kumuuliza Mzee anaonaje," Truphena akasema bila kuniangalia.

Nilijifanya naangalia kuni.

"Mimi najua hiyo maneno yako. Nilikuuliza siku tulioana ilikuwa mwezi gani, ukaniuliza mimi naonaje."

"Tangu lini umejua?"

"Tangu ile siku uliacha gesi na ukaenda shule. Nimekuwa nikizima gesi nyuma yako, nikifunga mlango nyuma yako, nikipigia walimu wenzako simu na kuuliza kama umefika. Wanafikiri mimi ni mke wa wivu."

Nilikuwa nimejiona mjanja, kumbe nilikuwa nimebebwa mgongoni. Kisha jambo jingine likanijia, na hasira ikaja nalo.

"Na asubuhi? Pale njia panda ulisimama."

"Nilijua tumeshika njia mbaya."

"Na ukanyamaza."

"Wewe uliniwekea kidole kwa mdomo." Sasa aliniangalia. "Mimi ni Mkuria, Nicanor. Hapa naitwa nyar Kuria, binti wa Wakuria, mpaka leo, na nimezaa mtoto wao wa kwanza. Mzee amesema hakuna kuongea. Nivunje maneno yake, halafu akufe wiki ijayo, watasema ni nani ameua Mzee? Wewe watakulilia. Mimi watanirudisha Ntimaru."

"Ungenivuta shati tu."

"Ningekuvuta." Machozi yalikuwa yanamtoka sasa, wala hakuyafuta. "Lakini pia nilichoka. Hiyo ndio ukweli. Nikasema wacha ifike mahali sitaweza kumfichia tena, ndio aseme. Sikujua watasema ing'olewe. Hii maneno ya Waya mimi ningeijulia wapi?"

Nilitaka kumgombeza na nilitaka kumshika mkono. Sikufanya lolote kati ya hayo.

"Sema ukweli," akasema. "Tafadhali."

"Nikisema, hii nyumba inang'olewa Mzee akisikia kila msumari. Shule itajua kabla ya kesho. Nani atanipa watoto wake niwafundishe skramu?"

"Na usiposema utakuwa mwizi."

"Mwizi ana akili timamu," nikamwambia.

Aliinama kuchochea moto ambao haukuhitaji kuchochewa. Nikatoka nje.

Watu walikuwa pale pale nilipowaacha. Chrispine alikuwa ameegemea ukuta karibu na mlango, jogoo miguuni pake. Sikujua amesikia kiasi gani.

"Baba," nikasema, "nilijua."

Mzee alitega sikio.

"Nilikumbuka makonge na nilikumbuka mwezi wa nane. Nilitaka upande wa mto kwa sababu ndio ulionionyesha kwanza. Nilijua ni pa Willis nikapiga."

Maneno yalitoka vizuri. Yalitoka kwa sauti ya mtu mzima mwenye kichwa kizima, na kwa kitambo kidogo nilijivunia.

Mzee alinyanyua mkono wake wa kulia, ule nilioushika alfajiri, akauweka juu ya paja.

"Nilimwambia macho ni yake," akasema, si kwangu, si kwa mtu. "Nikashika mkono wa mwizi nikidhani ni wa mwanangu."

Maishani mwangu nimeangukiwa na watu wazito sana, wote kwa pamoja, uso ukiwa matopeni. Ningechagua hilo mara mia.

Willis alinikaribia. Nilidhani atanipiga, na nilitamani anipige.

"Unajua nilikuwa naomba nini, hapa nimesimama?" akauliza kwa sauti ya chini. "Nilikuwa naomba useme umesahau. Ningekusamehe saa hiyo hiyo. Ningekaa kwa simba ya Mzee hata miaka kumi. Mtu anaweza kusahau, omera. Lakini hii..." Akatikisa kichwa. "Kaa nayo. Mto kaa nayo, samaki kaa nayo. Mimi sina kaka."

Akaenda kwenye pikipiki yake.

"Basi dala imesimama," Waya Filister akasema, ila hakukuwa na furaha katika sauti yake. "Vijana, malizeni paa."

Nyundo ya kwanza iligonga. Nilikuwa nimepata nilichotaka. Nilikuwa na boma langu, na baba yangu alikuwa hai, ameketi uwanjani pangu, na hataki kugeuza uso upande niliopo.

"Wacheni kugonga," Chrispine akasema.

Vijana wakaacha. Willis alikuwa ameshawasha pikipiki, akaizima.

"Babu, Buda anadanganya. Hakuwa anajua."

"Chrispine," nikasema, "nyamaza. Nenda ukapange begi lako la Jumatatu."

"Monday siendi."

Truphena alitokea mlangoni na kijiti cha moto mkononi.

"Unasema nini wewe?" akamuuliza. "Watu wote wanajua unaenda."

"Siendi, Mama."

"Mtoto," Waya Filister akasema, "baba yako mwenyewe amesema alijua. Wewe umejulia wapi kwamba hakujua?"

Chrispine alimwinua jogoo kutoka chini, akamshika kwa mikono miwili kama mtu anayehakikisha. Ndevu bado hazijamjaa. Kovu la juu ya jicho, la mechi ya Kisumu, mechi ambayo mimi nilikuwa pembeni nikimpigia kelele ainuke acheze, lilikuwa bado jekundu.

"Najua vile inakuwanga," akasema. "Mtu anaongea na wewe, unaona mdomo inaenda, na hiyo siku anasema haiko. Unatafuta, haiko. So unacheka, ndio wasijue."

Mzee aligeuza uso. Safari hii aliupata upande sahihi, upande wa mjukuu wake.

"Buda," Chrispine akaniambia, "asubuhi nilipokuuliza jogoo ako wapi, mlicheka, na mimi nikacheka. Lakini mimi nilikuwa nauliza."